Mpunga Tulioukausha Kama Mahindi

Siku niliposhusha gunia langu la kwanza la mchele sokoni Kitale, broka mmoja, dalali wa nafaka, alizamisha mkono ndani yake mpaka kwenye kiwiko, akautoa kiganja kikiwa kimejaa, akakipuliza. Alipoona kilichobaki akawaita wenzake waje kutazama.

"Mama, hii umekoboa na nini? Na kiatu?"

Wenzake wakacheka. Akanishika bega kama mtu anayenipa pole, akanipeleka mpaka kwa gunia lake, limetoka ng'ambo na maandishi ambayo hata yeye hakuweza kuyasoma. Punje zake zilikuwa ndefu, nyeupe, zote nzima.

"Mchele ni hii. Hiyo yako ni chakula ya kuku. Na kuku yenyewe iwe na njaa."

Nililibeba gunia langu nikarudi nalo Bumula. Shule niliacha darasa la tano, lakini kudharauliwa naelewa bila kusomewa.

Katika habari hii sitataja mtu kwa jina. Majina ya wakubwa yamebandikwa kwenye mabango kila njia panda na hayajawahi kunifaa kitu. Nitawataja wakosaji kwa kazi zao, na kila mmoja atajijua.

Wa kwanza ni yule mkubwa wa Nairobi anayetia sahihi ndiyo chakula cha nje kiingie bila ushuru. Mimi na mume wangu tulikuwa tumekodi shamba karibu na Kachibora, tunalima mahindi. Ule mwaka mvua ilinyesha kwa adabu. Mahindi yalikuwa marefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole. Njaa ilikuwa imeshika watu wakati tunapalilia, na hakuna meli iliyokuja. Meli ilikuja tukivuna. Tulisikia kwa redio, tumekaa sebuleni, magunia yamepangwa mpaka kwenye dirisha. Wenye viwanda vya unga wakajaza stoo zao na mahindi ya ng'ambo, na sisi tukaambiwa tungoje. Tulingoja mpaka dumuzi wakaanza kula kabla yetu. Mume wangu alianguka mwaka uliofuata. Sisemi meli ilimuua. Presha ilimuua. Lakini najua ilianza lini.

Baada ya mazishi nikabaki kwao, Bumula. Shemeji yangu, ndugu yake mkubwa, akanionyesha bonde lililokuwa chini ya boma, mahali pa maji na vyura na nyasi zinazokata miguu.

"Hapo hakuna mtu anataka," akasema. "Ukipata kitu, kula."

Wa pili ni afisa wa kilimo. Alikuja barazani na gari, akasema watu wa nchi hii wanakula mchele mwingi kuliko ule wanaolima, kwa hiyo mwenye bonde la maji ameketi juu ya mali. Akatugawia mbegu, akapiga picha nasi, akapanda gari. Hatukumwona tena. Mbegu ilikuwa nzuri, hilo sikatai. Lakini kumpa mtu mbegu asiyoijua halafu usirudi kuona amevuna vipi, hiyo mimi naita kosa.

Tulianza wanawake tisa. Tulichimba, tukasawazisha, tukatengeneza matuta ya kuzuia maji. Tulipanda kwa mstari, migongo ikauma mpaka tukawa tunainuka kwa kushikana. Tulifukuza ndege kwa kupiga makopo na kuimba nyimbo zote za kanisa tunazozijua, na zilipoisha tukaimba za matanga. Mpunga ukatoka, masuke yakainama kwa uzito. Tulidhani tumemaliza.

Ukienda kukobolewa, ulitoka vipande. Msimu wa kwanza vipande, msimu wa pili vipande. Na misimu yote miwili, tukivuna tu, redio ilisema mchele wa nje umeruhusiwa kuingia bila ushuru. Tukaketi tukailaani meli. Meli ilistahili, lakini si meli iliyovunja punje zetu, na kwa muda mrefu hakuna kati yetu aliyetaka kulisikia hilo.

Shemeji alikuwa anatuangalia. Jioni moja alinikuta nikichota maji, akatoa kofia, na akitoa kofia najua kuna neno.

"Mulamwa," akasema. Ndivyo tunavyoitana na shemeji huku kwetu. "Kuna mtu ananunua nguzo za stima. Anataka nipande mikaratusi hapo chini. Miche atanipa bure."

"Mikaratusi itakunywa bonde lote."

"Si ndiyo. Itakauka, halafu kutakuwa na ardhi."

"Ikikauka hairudi, shemeji."

"Msimu moja," akasema, akavaa kofia. "Mkiuza, sawa. Msipouza, napanda. Mimi pia nina watoto."

Sikumchukia. Ardhi ni yake, na alikuwa ametungojea misimu miwili ilhali hajala kwetu hata sahani moja ya wali wa maana. Lakini mti ule ukishaingia kwenye bonde, hata wajukuu zangu hawangepata maji pale. Nilikuwa nimeshapoteza shamba moja kwa ajili ya watu nisiowaona. Hili la pili nililiona kwa macho yangu likiondoka.

Aliyetuokoa alikuja kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Ni mama mnene, mcheshi, ameolewa Misikhu, lakini alizaliwa kule nyanda za ziwa ambako wamelima mpunga tangu babu zao. Wakati wa chai alitoka kunyoosha miguu, akakuta mabaki ya mpunga wetu yameanikwa kando ya lami, jua la saa saba limesimama juu yake. Akainama, akachukua punje, akalimenya ganda kwa kucha. Akaiinua ile punje kwa vidole viwili akaitazama dhidi ya mwanga, jicho moja limefungwa.

"Nani aliwaambia muanike hivi?"

"Hatukuambiwa," mkubwa wetu kwa umri akajibu, mama mkali ambaye tunamwita Kukhu, yaani nyanya. "Sisi tunajua kuanika. Tumeanika mahindi tangu tuzaliwe."

"Naona. Mmeanika mpunga kama mahindi."

"Nafaka si ni nafaka?"

"Na mume si ni mume? Lakini wako unamjua na wa jirani unamjua, na hujachanganya." Akina mama wakacheka mpaka chai ikamwagika. "Ama umechanganya, Kukhu?"

Kukhu naye akacheka, ingawa alijaribu kujizuia.

Yule mama akanipa punje niiangalie kwenye mwanga. Katikati kulikuwa na mstari mwembamba, kama ufa wa glasi iliyotiwa chai moto. Nikamenya nyingine. Ufa. Nyingine, nyufa mbili. Mchele wetu ulikuwa umevunjika kabla haujafika kwa mashine, ukiwa bado ndani ya ganda, tukiutazama.

Mtu wa kwetu ataelewa mara moja, na wa mbali nitamweleza. Mahindi unayaacha shambani mpaka majani yapige kelele kwa upepo. Halafu unayaanika kwenye lami, jua kali kabisa, mpaka ukiyamwaga yalie kama mawe. Yakiwa na unyevu kidogo, depo ya serikali wanayarudisha, ama yanaota kuvu na kuua watu. Maisha yetu yote tumefundishwa kuogopa unyevu. Kwa hiyo mpunga tuliuacha shambani mpaka ukawa rangi ya udongo, halafu tukauweka kwenye lami saa saba, na tukajisifu kwamba sisi si wavivu. Kadiri tulivyofanya bidii ndivyo tulivyouharibu.

Halafu tuliupeleka kwa posho mili, mashine ya chuma inayosaga mahindi. Na hapo ndipo yuko mkosaji wa tatu, mwenye posho mili. Alikuwa anajua kwamba mpunga hautakiwi kupita kwa chuma chake. Vile vipande vilivyobaki chini ya mashine alivifagia akawauzia wafugaji wa kuku. Nilipomfuata kumwuliza, hakuinua hata macho.

"Mama, si hukuuliza."

Wa nne ni sisi wenyewe, wanawake tisa. Mtu akiandika makosa ya wengine akaruka yake, msimwamini.

Msimu uliofuata, ule wa mwisho tuliopewa, mama wa Misikhu alikuja mara tatu. Alitufundisha kuvuna masuke yakiwa ya dhahabu juu na bado yana ukijani kidogo chini. Siku hiyo Kukhu aliketi kwenye tuta na mundu mapajani akakataa.

"Mimi sivuni kitu kibichi. Watu watasema njaa imetushika."

"Waseme," nikamwambia. "Waliposema mchele wetu ni wa kuku ulikufa?"

"Nilikufa kidogo," akasema, akasimama, akaanza kukata.

Kuanika kulikuwa kazi kuliko kulima. Asubuhi tulitandaza turubai, mpunga ukiwa tabaka jembamba, na kila baada ya muda mfupi mtu anapita na reki kuugeuza. Jua likipanda sana tunauburuta wote chini ya kibanda cha majani ya migomba. Jua likilegea tunautoa. Kabla ya umande tunaufunika. Siku hiyo hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Watu waliopita njiani walisimama kutucheka.

"Nyinyi, mbona mnauhurumia? Ni bibi harusi?"

"Ni bibi harusi," Kukhu akawajibu. "Na wewe huna ng'ombe ya kumtolea."

Kila jioni nilimenya punje kumi nikaziinua kwenye mwanga. Nilikuwa naogopa kuangalia. Siku ya nne punje zote kumi zilikuwa safi kama maji, hakuna ufa, na ukiuma moja inavunjika kwa mlio mmoja. Mama wa Misikhu akasema basi, tosha, msiongeze hata saa moja. Ilibidi tushikane mikono tusiongeze. Mwili wa mtu wa mahindi ulikuwa unaniambia bado, bado.

Tuliupeleka mjini Bungoma kwa mtu mwenye mashine ya roli za mpira, zinazovua ganda bila kuiumiza punje. Tulisimama tisa, tumebanana kwenye kibanda chake kama tumekuja kutambua maiti. Akawasha. Kwa mdomo wa mashine ukaanza kutoka mchele. Mzima. Mfupi kidogo kuliko ule wa ng'ambo, na una rangi ya maziwa, lakini mzima, punje juu ya punje, ukiteleza kwenye kalai. Kukhu aliweka mikono yote miwili chini ya ule mdomo akaacha mchele umwagike juu yake, akaanza kuimba polepole wimbo ule tunaowaimbia watu wakitoka hospitali. Mwenye mashine akazima ili asikie. Nililia, na nilikuwa sijalia tangu nilipoondoka Kachibora.

Kilichobaki ni kuuza, na bila kuuza miti ingekuja. Sokoni sikurudi. Nilikwenda kwa shule moja ya bweni ya wasichana nje kidogo ya Kitale, kwa sababu mpishi mkuu wao nilimjua tangu tukiwa tunapalilia pamoja miaka ile. Akaniingiza kwa mwalimu mkuu, mama wa miwani, asiyecheka ovyo.

"Tuna mtu anayetuletea mchele," akasema.

Nikajua ni nani kabla hajaingia. Ni yule yule broka. Alikuwa amekuja na shehena yake siku hiyo, akanitazama kama anayejaribu kukumbuka alikonionea.

"Madam, huyu mama namjua," akasema. "Mchele yake ni ya kuku."

Nikafungua gunia. Akazamisha mkono, kama kawaida yake. Akautoa, akapuliza. Hakuna kilichopeperuka. Akarudisha kwenye gunia taratibu na akapangusa mkono kwa suruali.

"Kupika ndiyo kitu," akasema.

"Basi ipikwe," mwalimu mkuu akasema. "Sufuria mbili. Wasichana wasiambiwe."

Jikoni mpishi alianza kupima maji, sawa kwa sawa. Nikamshika mkono.

"Dada, kwa yangu punguza."

"Ah, hapana," broka akasema. "Mashindano ni mashindano. Maji sawa."

"Mchele wako umezeeka kwa stoo, unakunywa kama mtu wa malaria. Wangu umetoka shamba juzi. Ukiupatia maji hayo utakuwa uji, na wewe unajua."

"Mimi sijui. Mimi ni mfanyabiashara."

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni. "Kama ni hivyo," akasema, "kila mtu apike yake."

Broka alisimama mbele ya moto kama mtu aliyeitwa ghafla madhabahuni kuhubiri. Miaka yote hiyo ameuza mchele na hakuwahi kuuwekea maji. Alimimina, akatazama, akaongeza, akanitazama mimi. Nikaangalia moto wangu. Mwishowe mpishi alimwonea huruma akamwambia aondoe mkono, yatosha. Wake haukuharibika, niseme ukweli. Ulikuwa wali wa kawaida, ule tuliouzoea, usionukia chochote.

Wangu ulipoiva na kufunuliwa, harufu ilitoka mpaka uwanjani. Mchele mpya una harufu ya majani yaliyolowa, na tamu kidogo. Wasichana walikuja na sahani, mistari miwili, maharagwe ni yale yale. Mmoja mrefu alinusa, akaniuliza, "Hii ni ya sikukuu gani?" Nikamwambia ale tu. Baada ya muda mstari wa kwangu ukaanza kurefuka na wa pili ukafupika, kwa sababu waliokula waliwapitishia wenzao habari kwa macho, vile wasichana wanavyofanya. Wakaanza kurudi.

"Kuna ya kuongeza?"

Nilikwangua mpaka ukoko, na ukoko nao wakaugombania.

"Ni njaa tu," broka akamwambia mwalimu mkuu. "Watoto wa bweni wanakula chochote."

"Basi mbona yako imebaki?" mpishi akauliza, na hakuwa anatania.

Mwalimu mkuu alinipeleka ofisini. Akaniuliza swali ambalo lingenifanya nidanganye kama ningekuwa bado yule mwanamke wa sokoni.

"Mnaweza kulisha shule hii mwaka mzima?"

"Hapana, Madam. Muhula mmoja, na kidogo ya wa pili. Tukiongeza bonde, tutaona."

"Na ule mwingine?"

"Ule mwingine nunua kwake."

Broka alikuwa kwenye benchi nje ya mlango. Alisikia. Akainua kichwa akanitazama.

Na hapa ndipo ningetaka yule mkubwa wa Nairobi asikie, kama kuna mtu wa kumsomea. Mimi sikatai mchele wa nje. Watoto wakiwa na njaa na ghala ni tupu, meli ije hata mchana wa Jumapili. Lakini ingoje kwanza tuuze. Ijaze pale tulipoishia, isituzibe pale tunapoanzia. Mwalimu mkuu mmoja alilipanga jambo hilo ofisini mwake kabla chai yake haijapoa. Wizara nzima haijaweza, na sidhani ni kwa kukosa akili. Kuna mtu anayekula kwenye hiyo sahihi, na huyo pia ni mkosaji.

Nilirudi Bumula na barua yenye muhuri wa shule. Nikapitia moja kwa moja kwa shemeji. Miche ya mikaratusi ilikuwa imeshaletwa, imepangwa uani katika mifuko myeusi, mamia kwa mamia, na mtu wa nguzo alikuwa ameketi anakunywa maziwa.

"Mulamwa, umechelewa," shemeji akasema. "Kesho tunachimba."

"Soma."

Akasoma kimya, kisha akasoma tena kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Shule inachukua mchele wote wa kikundi, kila mavuno. Alipofika kwenye muhuri aliugusa.

"Hii ni ya kweli?"

"Piga simu. Namba iko hapo."

Mtu wa nguzo akaweka kikombe chini. "Mzee, tulikubaliana."

"Tulikubaliana wakiuza au wasipouza?" shemeji akamwuliza. "Mimi nilisema wakiuza, sawa. Wameuza. Miche yako tutapanda kule juu kwenye mawe, hapo nitakupa nafasi. Chini hapana."

Nilikuwa nimeapa sitaonyesha furaha mbele ya wanaume wawili, kwa hiyo nikavuta ndoo nikaikalia. Na kwa sababu maisha yamenifundisha, sikukubali neno la mdomo. Siku iliyofuata tulikwenda kwa naibu wa chifu, shemeji, mimi na Kukhu kama shahidi, tukaandika kwamba bonde ni la kikundi kulima miaka kumi, na hakuna mti unaokunywa maji utakaopandwa ndani yake. Karani alinisogezea wino wa kidole. Nikamwomba kalamu.

Tukitoka nje shemeji alinivuta kando.

"Sasa na mimi, mulamwa, si nitapata gunia moja ya Krismasi?"

"Utapata. Utanunua kama wengine."

Alicheka sana, Kukhu naye akacheka, na mimi sikuwa nimecheka. Alilinunua.

Wiki tuliyofungulia maji msimu mpya, redio ilitangaza tena kwamba mchele wa nje unaingia bila ushuru. Mmoja wetu alikuja mbio kutuambia, akitupigia kelele kutoka juu ya tuta. Tulikuwa kumi na saba sasa, wanane wapya, tumesimama kwenye mstari, miche ya mpunga mikononi. Watu waligeuka kuniangalia mimi.

"Shule inakula ya nani?" nikawauliza.

"Yetu," wakasema.

"Haya. Inameni."